Kumfundisha Mtoto Kwamba Akili Hukua: Mwongozo kwa Walimu wa Shule za Msingi

Hakuna mwalimu wa shule ya msingi ambaye hajaisikia sentensi hii: "Mwalimu, mimi hesabu siziwezi." Anaisema mtoto wa miaka tisa, kwa uhakika wa mtu aliyekwisha kupimwa na kupewa majibu yake. Shule ndiyo kwanza anaianza, na tayari ameshajitoa. Mwongozo huu ni wa kumrudisha. Nimeuandika nikiwafikiria walimu wa Gredi ya 3 hadi ya 6 hapa Mombasa, wa Kisauni, Likoni na Changamwe, wenye madarasa yaliyofurika na vitabu vya kugawana. Lakini hata ustadhi wa madrasa, au mzazi anayekaa na mwanawe mkekani jioni, atapata cha kutumia.

Jambo lenyewe limechunguzwa kwa miongo kadhaa na Carol Dweck, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani. Kwa maelezo yake, watu wana imani mbili kuhusu akili. Wapo wanaoamini kwamba kila mmoja amezaliwa na fungu lake, halizidi wala halipungui. Huo tuuite mtazamo mgando. Wapo wanaoamini kwamba akili huongezeka mtu akijifunza, akitumia mbinu nzuri na akisaidiwa. Huo ni mtazamo wa kukua. Mtoto wa imani ya kwanza akikosea hujiona amehukumiwa. Wa pili huuliza amekosea wapi.

Niseme mapema ninachokiamini, ili uyasome mengine ukijua ninakoelekea. Bango la ukutani halifundishi mtazamo huu, wala hotuba ya gwarideni asubuhi. Mtoto hujua kama akili yake inakua au haikui kwa kuangalia mwalimu anafanya nini pale yeye mtoto anapotoa jibu lisilo sahihi mbele ya wenzake. Kila hatua iliyomo humu inaizunguka dakika hiyo.

Hatua ya kwanza: sikiliza

Kwa wiki nzima usibadilishe kitu. Weka kijidaftari mezani, uandike kila linalosemwa darasani kuhusu akili, lako na la watoto. "Huyu ana kichwa." "Wewe kichwa maji." "Mnamjua huyo, hesabu hazimo." Na hili ambalo halionekani kuwa na ubaya wowote: "Swali hili rahisi, hata mtoto wa chekechea analiweza." Mwalimu hulisema ili awatie moyo. Lakini aliyelikosa swali hilo rahisi amebakiwa na maelezo mamoja tu, kwamba tatizo ni yeye.

Jisikilize pia unavyojisema mwenyewe. Mwalimu akiwaambia watoto, "Mimi kuchora sikujaliwa," amekwisha kuwafundisha mtazamo mgando kabla ya kushika chaki. Afadhali achore ramani yake iliyopinda, aifute, achore tena huku wanamwona.

Andika na majina ya watoto ambao hawakuinua mkono hata mara moja wiki hiyo. Yahifadhi. Utayahitaji mwisho wa muhula.

Hatua ya pili: somo moja kuhusu ubongo

Kipindi kimoja cha dakika 35 kinatosha. Kiweke mapema muhula unapoanza, na kiwe asubuhi. Ukikiweka baada ya chakula cha mchana mwezi wa pili, kwa joto letu hili, nusu ya darasa itakuwa imelala.

Waambie watoto kwamba ubongo wa mtu una seli za neva takriban bilioni 86, na kwamba seli hizo hupelekeana habari kupitia viungio vidogo mno. Viungio vinavyotumika mara kwa mara huimarika, na visivyotumika hudhoofika. Kisha watoe nje ukawaonyeshe ile njia ya mkato inayokatiza uwanja wa shule. Hakuna fundi aliyeijenga. Wa kwanza kupita hapo alichomwa na nyasi, wa pili akapata nafuu kidogo, na leo mtu anapita usiku bila tochi. Kujifunza kugawanya huenda hivyo hivyo: mara ya kwanza ni nyasi tupu.

Ukishawarudisha darasani, wape kisa cha kweli. Ili mtu apewe leseni ya kuendesha zile teksi nyeusi za London, lazima afaulu mtihani wa kuikariri mitaa ipatayo 25,000 iliyo ndani ya maili sita kutoka Charing Cross. Wengi huchukua miaka mitatu hadi minne kujiandaa. Mwaka 2000 mtafiti Eleanor Maguire na wenzake walichapisha matokeo ya picha za ubongo wa madereva hao. Sehemu ya nyuma ya hipokampasi, ambayo hushughulika na kukumbuka mahali na njia, ilikuwa kubwa kwao kuliko kwa watu wengine. Mtoto mwerevu atauliza: huenda walizaliwa hivyo? Swali zuri sana, na watafiti nao waliliuliza. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2011 waliwafuata watu tangu wanaanza kujifunza. Mwanzoni hawakutofautiana. Miaka ikapita, na waliofaulu mtihani ndio walioonekana sehemu hiyo imeongezeka.

Watoto wa hapa hukishika kisa hiki haraka, kwa sababu kila mmoja anamjua dereva wa tuktuk asiyepotea katika uchochoro wowote wa Majengo au Mji wa Kale. Waulize: "Alizaliwa anazijua njia hizo?" Watacheka, na wameelewa.

Usiwaahidi kwamba kila mmoja atakuwa chochote anachotaka. Sayansi haisemi hivyo, na mtoto akigundua umemdanganya hapo hatakuamini kwingine. Inayosema ni kwamba leo anaweza kuwa bora kuliko jana, kwa jambo lolote analojifunza ipasavyo. Waambie vilevile kwamba usingizi husaidia ubongo kuyahifadhi yaliyosomwa mchana, kwa hiyo kukesha kwenye simu kunawapotezea kazi yao wenyewe.

Dakika kumi za mwisho, kila mtoto amwandikie barua fupi mtoto wa Gredi ya 1 anayelia kwamba kusoma kumemshinda. Amweleze ubongo hufanyaje kazi na afanye nini kesho. Mbinu hii ya kumgeuza mtoto awe mshauri imetumika katika majaribio kadhaa ya watafiti, na sababu yake inaeleweka. Ulilomshauri mwenzako kwa mkono wako ni vigumu wewe kulikana.

Hatua ya tatu: watafute ushahidi katika maisha yao

Hapa Mombasa tuna bahati ambayo hatuitumii. Watoto wetu wengi wakitoka shule huenda madrasa, na huko wanakaa na kosa kila siku bila kuona haya. Mtoto anaanza kwa alifu, anakwenda kwa hijai, ulimi unagonga kwenye 'ain na ghain. Ustadhi anamkatiza, anaitamka herufi, mtoto anaifuata. Inakosewa tena, inarudiwa tena. Kesho akija ni aya ile ile mpaka ikae. Siku ya kwanza hakuna anayemtarajia asome kama msomaji wa mashindano ya Ramadhani. Mtoto huyo huyo anaingia darasani kwako saa mbili asubuhi akiamini kwamba hesabu ama unaijua ama huijui. Muulize, mbele ya wenzake, juzuu ya kwanza aliihifadhi vipi. Na wa kwaya ya kanisani muulize sauti yake aliishika baada ya mazoezi mangapi.

Kisha kila mtoto achore safu tatu katika daftari. Ya kwanza: jambo nililokuwa siliwezi na sasa naliweza. Ya pili: nilifanya nini hasa. Ya tatu: nani alinisaidia. Utaona kuogelea, baiskeli, kusuka ukili, kudarizi kofia, kupiga danadana. Safu ya kwanza hujazwa haraka. Ya pili ndiyo yenye kazi, kwa sababu karibu wote wataandika "nilijaribu" au "nilifanya bidii" wakaweka kalamu chini. Usiikubali. Uliza: "Ulijaribu vipi? Mara ya kwanza ulifanyaje, na mara iliyofaulu ulibadilisha nini?" Msichana atafikiri, kisha aseme mahamri yake yalikuwa magumu kwa sababu alikuwa na haraka, na sasa unga anauacha uumuke mpaka ufure ndipo akate. Hapo umepata kitu. Ameongeza bidii, lakini zaidi ya hapo amebadilisha njia. Bidii peke yake ingempa mahamri magumu mengi zaidi.

Safu ya tatu usiiruke. Kuomba msaada ni sehemu ya mtazamo wa kukua, na watoto wetu wengi huona ni aibu.

Hatua ya nne: badilisha unavyosifu

Mwaka 1998 Claudia Mueller na Carol Dweck walichapisha majaribio waliyowafanyia watoto wa takriban miaka kumi na kumi na mmoja. Watoto walipewa mafumbo ya maumbo, wakafanya vizuri, wakasifiwa. Kundi moja liliambiwa lina akili. Jingine liliambiwa limefanya bidii. Walipopewa nafasi ya kuchagua kazi inayofuata, waliosifiwa akili wengi walichagua nyepesi, na waliosifiwa bidii wengi wakachagua ile ya kuwafunza kitu. Wakapewa mafumbo magumu yaliyowashinda wote. Baadaye wakarudishiwa mepesi kama ya mwanzo, na waliosifiwa akili wakafanya vibaya kuliko walivyoanza, ilhali wenzao walipanda. Wakaambiwa waandike alama zao kwa mtoto wa shule nyingine wasiyemjua. Karibu wanne kati ya kila kumi waliosifiwa akili walijiongezea alama. Sentensi moja ya sifa ilitosha kuyaleta yote hayo.

Kwa hiyo sifa yako itaje tendo. Badala ya "Una akili sana," sema, "Nimeona umelisoma swali mara mbili kabla ya kuanza." Badala ya "Wewe kichwa," sema, "Sentensi hii ya mwisho uliifuta ukaiandika upya, na sasa inaeleweka." Makofi ya kilo usiyafute darasani, watoto wanayapenda, ila mwenye kupigiwa aeleze kwanza alivyofanya ili makofi yawe ya njia aliyoitumia.

Upo mtego hapa, na wengi wamenasa. Mtoto amepata mbili kwa kumi, nasi tunamwambia, "Si kitu, umejitahidi." Mtoto si mjinga. Anajua hiyo ni pole, na anaelewa kwamba mwalimu hamtarajii zaidi. Dweck mwenyewe aliandika mwaka 2015 kuwaonya walimu juu ya kusifu bidii tupu isiyozaa kujifunza. Bidii isipozaa matunda, mwambie ukweli kwamba njia hiyo haijafika, kisha mtafute nyingine pamoja.

Hatua ya tano: dakika ya jibu lililokosewa

Tuiangalie dakika yenyewe kwa karibu. Gredi ya 4, kutoa. Ubaoni: muuzaji wa Kongowea alikuwa na nazi 402, akauza 178, amebakiwa na ngapi? Mtoto ameitwa mbele, ameandika 376. Nyuma wawili wanacheka.

Kwanza wanaocheka wanyamaze. Sema mara moja, bila ukali mrefu: "Darasa hili hatuchekani jibu." Kisha mgeukie aliye ubaoni.

"Nionyeshe umefikaje hapo, mwanangu."

"Nane toa mbili, sita. Saba toa sufuri, saba. Nne toa moja, tatu."

Sasa umeona kilichomo. Mtoto huyu hakubahatisha. Kila safu amechukua kubwa akatoa ndogo, pengine kwa sababu tangu Gredi ya 1 ameambiwa kubwa toa ndogo. Ana kanuni, na kanuni ameifuata kikamilifu, isipokuwa haifai hapa. Ungemwambia "kaa chini, nani atamsaidia?" usingelijua hilo, naye angeendelea nayo mpaka Gredi ya 6.

"Nimekuelewa. Kutoa kwenyewe hukukosea hata mara moja. Hebu tuache tarakimu kidogo. Nazi mia nne na mbili, zimeuzwa karibu mia mbili. Zilizobaki zitazidi mia tatu au hazitafika?"

"Hazitafika."

"Na jibu lako?"

Anatazama ubao. "Limezidi, Mwalimu."

"Basi pana mahali pamepinda. Anza na mamoja. Una mbili, unataka kutoa nane. Utazipata wapi?"

"Nitakopa kwa makumi." Anasita. "Makumi yana sufuri."

Hapa nyamaza. Ndipo pagumu kuliko pote katika ualimu. Miaka ya 1970 mtafiti Mary Budd Rowe aliwapima walimu darasani akakuta kwamba wakishauliza swali, kwa wastani husubiri kama sekunde moja tu. Waliposubiri sekunde tatu au zaidi, majibu ya watoto yalirefuka, na watoto waliokuwa kimya wakaanza kusema. Hesabu moyoni, pole pole. Usimwangalie kwa jicho la kuharakisha, wala usimruhusu wa dawati la mbele apige kelele ya jibu.

"Niende kwa mamia?"

"Nenda."

Anaivunja mia moja kuwa makumi kumi, mamia yanabaki matatu. Kumi moja analivunja kuwa mamoja, makumi yanabaki tisa, mamoja yanakuwa kumi na mbili. Kumi na mbili toa nane, nne. Tisa toa saba, mbili. Tatu toa moja, mbili. 224. "Hakikisha mwenyewe," unamwambia, naye anajumlisha 224 na 178, anapata 402. Uso wake unabadilika, na hukusema neno "akili" hata mara moja.

Bado hujamaliza. Ligeukie darasa: "Nani daftarini mwake ana 376?" Mikono itapanda, na mara nyingi ni mingi kuliko ulivyodhani. "Basi mwenzenu ametusaidia sote. Kosa lilikuwa wapi?" Waeleze wao. Aliyekuwa anachekwa amegeuka kuwa mtu aliyelifaa darasa, na wale waliojificha wamepata kujua kwamba kukosea hadharani hakuui.

Mwalimu wa watoto sitini ataniuliza atazitoa wapi dakika hizi. Huhitaji kuwafikia wote. Fanya mara moja au mbili kwa kipindi, na wote wakiona. Kwa waliobaki, unaposahihisha madaftari yagawe mafungu kwa aina ya kosa: walioshindwa kukopa penye sufuri, waliokosea kutoa kwenyewe, waliolisoma swali vibaya. Kesho yake kaa na fungu moja dakika tano wengine wakiendelea. Fungu la mwisho mara nyingi si tatizo la hesabu hata kidogo, ni la kusoma.

Mtoto akikwama na kusema "Siwezi," mjibu, "Hujaweza bado. Umekwama wapi?" Nusu ya pili ya jibu hilo ndiyo yenye uzito. "Bado" bila "wapi" ni bembelezo.

Na fimbo. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, kifungu cha 36, inakataza adhabu ya viboko na vilevile kumnyanyasa mtoto kiakili. Lakini hata sheria isingekuwepo, darasa ambamo jibu baya huleta kiboko haliwezi kufundisha lolote lililo katika mwongozo huu. Mtoto mwenye hofu huficha kosa, na kosa lililofichwa halisahihishiki. Matusi ni yale yale. "Zuzu" huuma muda mrefu kuliko kiboko.

Hatua ya sita: kazi irudiwe

Tukishasahihisha na kurudisha daftari, kwa kawaida habari imekwisha na tunaingia mada mpya. Mtoto hupata wapi nafasi ya kukua? Tenga robo saa kila Ijumaa ya kurudia kazi ya wiki. Penye kosa usiweke alama ya X pekee. Weka nukta pambizoni mwa mstari ambao kosa linaanzia, na mtoto alitafute mwenyewe. Achague maswali mawili aliyoyakosa, ayafanye upya, aandike chini yake sentensi moja ya alichobadilisha. Insha iwe na rasimu ya pili, hata ya aya moja tu. Alama ya pili iandike kando ya ya kwanza bila kuifuta ya kwanza, ili atazame zote mbili.

Hatua ya saba: nyumbani

Mtihani wa KCPE, ule wa taifa wa kumaliza shule ya msingi, ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023. Watoto wa Gredi ya 6 wanafanya tathmini ya KPSEA iliyoanza mwaka 2022, na mtaala wa umilisi unawaweka katika viwango vinne, kuanzia kuzidisha matarajio, kisha kufikia, kukaribia, na wa mwisho aliye mbali na matarajio. Karatasi zimebadilika. Swali la nyumbani ni lile lile: "Umekuwa nambari ngapi?"

Mzazi simlaumu, ndivyo alivyoulizwa yeye. Lakini Kyla Haimovitz na Dweck walionyesha mwaka 2016 kwamba watoto hawaoni kwa urahisi mzazi wao anaamini nini kuhusu akili. Wanachokiona ni anavyolipokea kosa. Mzazi anayeshtuka na kuanza kuuliza nani amempita mwanawe humfundisha kwamba kushindwa ni msiba. Anayeuliza kilichokuwa kigumu humfundisha kwamba kushindwa kuna la kufanya.

Kwa hiyo siku ya wazazi usiwape nadharia. Wape kazi ndogo inayoshikika.

"Mama, kijana wako kugawanya kwa tarakimu moja anaweza. Kwa mbili bado. Jioni mwambie akuonyeshe swali moja."

"Mwalimu, mimi mwenyewe sikusoma."

"Haidhuru, Mama. Mwambie akufundishe wewe. Akikwama, mwulize amekwama wapi, asubuhi aniletee mimi."

Nimewaona kina mama wakiondoka hapo wamenyooka migongo, kwa sababu walikuja wakitarajia kulaumiwa.

Ripoti nayo iseme kitu. "Aongeze bidii" imeandikwa kwenye ripoti zetu kizazi baada ya kizazi, na hakuna mtoto aliyejua aanzie wapi. Andika: "Anasoma kwa ufasaha. Iliyobaki ni kufupisha habari. Kila jioni asome aya moja, aieleze kwa sentensi mbili." Inachukua mstari mmoja zaidi.

Mipaka ya jambo hili

Usimwuzie mtu mtazamo wa kukua kama dawa ya kila ugonjwa. Uchambuzi uliojumlisha tafiti nyingi, uliochapishwa mwaka 2018, ulikuta athari yake kwa wastani ni ndogo. Mwaka 2019 David Yeager na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio la wanafunzi wapatao 12,000 wa darasa la tisa Marekani, waliopewa somo la mtandaoni lisilofika saa moja. Alama za waliokuwa nyuma zilipanda, ila kidogo, na zaidi katika shule ambazo wenzao waliona kupenda kazi ngumu ni jambo la kawaida. Kundi hilo likaonyesha baadaye, mwaka 2022, kwamba mtazamo wa mwalimu wa hisabati nao ulikuwa na uzito wake: mwalimu mwenyewe asipoamini, somo la mwanafunzi halikumea. Mimi matokeo hayo yananipa nguvu. Yananiambia hatua ya pili peke yake haitoshi, na kwamba kazi kubwa iko kwenye ya tano.

Kabla hujasema mtoto ana mtazamo mgando, hakikisha anaona ubao. Mkalishe mbele siku mbili uangalie. Hakikisha anasikia. Mwulize amekunywa chai. Yupo aliyetoka Likoni alfajiri akavuka na feri tumbo tupu, akitoka shule ana madrasa, kisha tuisheni. Akisinzia saa nane, hana neno la kubadilisha kuhusu akili. Ana njaa na amechoka, na kumwambia aamini zaidi ni kumbebesha mzigo usio wake. Zungumza na mwalimu mkuu kuhusu chakula, na mzazi kuhusu ratiba.

Mwisho wa muhula

Lichukue lile daftari la wiki ya kwanza, utazame majina ya wasioinua mkono. Wangapi wameinua mwezi huu, hata kwa jibu lisilo sahihi? Hicho ndicho kipimo chako cha kwanza, kabla ya alama. Sikiliza pia watoto wanavyojisaidia wao kwa wao. Ukimsikia mmoja akimwuliza mwenzake, "Umefikaje hapo?" badala ya "Umepata ngapi?" ujue wameiga kwako. Wasipoiga, rudia hatua ya tano na mwalimu mwenzako akiwa amekaa nyuma ya darasa, akuhesabie sekunde unazosubiri.

Na mwaka ukifungwa, kaa na mwalimu anayelipokea darasa hilo. Usimpe orodha ya wenye akili na wasio nazo. Mpe, kwa kila mtoto unayemhofia, sentensi mbili: alikwama wapi, na njia ipi ilimtoa.